David Livingstone: miaka 29 na mkono usiopona



Wiki hii hatuna mtakatifu wa kalenda. Tunaye mtu ambaye wengi tulimsoma darasani kama mvumbuzi tu, tukakariri tarehe zake kwa ajili ya mtihani, basi. Hakuwa Mkatoliki. Alikuwa Mprotestanti wa Uskoti, ametumwa na chama cha wamisionari cha London. Kwa nini basi awe hapa? Kwa sababu kuna wenzetu wanaoishi na maumivu yasiyoisha, na kuna kitu mtu huyu alikipitia pale Kwihara, kilomita chache tu kutoka Tabora mjini, ambacho kwenye kitabu cha historia hakikuandikwa vizuri.

Maumivu yasiyoisha ninayosema ni yale ya baridi yabisi, vidole vinavyokakamaa asubuhi mpaka kufunga kifungo cha shati ni kazi. Au yale ya mishipa ya fahamu, mguu unawaka moto huku ukiugusa ni wa baridi, au ganzi na kuchomachoma kama sindano usiku kucha. Wataalamu wanasema maumivu yakizidi miezi 3 yanahesabiwa kuwa ya kudumu. Shida yake kubwa ni kwamba hayaonekani. Hakuna bandeji wala plasta. Ndiyo maana watu wanaanza kusema huyu dada mvivu, huyu kaka anajidekeza, huyu bibi karogwa. Mbaya zaidi, wengine wanasema angekuwa na imani kweli angeshapona. Maneno haya yanasemwa hata kwenye jumuiya zetu, tusijidanganye.

Sasa tumwangalie Livingstone.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Uskoti, siku ambayo sisi tunaadhimisha Mtakatifu Yosefu. Familia ilikuwa maskini. Akiwa na miaka 10 alianza kazi kwenye kiwanda cha pamba, saa 14 kwa siku, na baada ya hapo ndiyo anakwenda shule ya usiku. Akasoma hivyohivyo mpaka akawa daktari mwaka 1840, akapanda meli kwenda Afrika Kusini. Mengine ya ujana wake nayapita haraka, mnayajua.

Tarehe 16 Februari 1844, mahali panapoitwa Mabotsa, wanakijiji walikuwa wakiwinda simba waliokuwa wanakula mifugo. Livingstone alimpiga risasi simba mmoja. Akiwa anajaza bunduki tena, simba aliyejeruhiwa akamrukia, akamkamata begani upande wa kushoto na kumtikisa kama mbwa anavyotikisa panya. Aliyemwokoa ni mwalimu Mtswana aitwaye Mebalwe, ambaye alijaribu kumpiga yule simba, naye akang'atwa. Mtu wa tatu akaja na mkuki, naye akang'atwa. Kisha simba akaanguka kwa zile risasi za mwanzo. Livingstone alibaki na alama 11 za meno, na mfupa wa juu wa mkono wa kushoto umepondeka.

Hakukuwa na hospitali. Daktari pekee wa karibu alikuwa yeye mwenyewe, kwa hiyo alisimamia matibabu ya mkono wake mwenyewe. Mfupa haukuunga vizuri. Kabla haujakaza, akaanza kujenga nyumba, akauumiza tena. Matokeo yake ni kwamba pale ulipovunjika, ncha mbili za mfupa hazikushikana tena. Mkono ukawa unapinda katikati ya mfupa, kama vile kuna kiungo cha ziada mahali ambapo Mungu hakuweka kiungo. Kuuinua juu ya bega ilikuwa taabu. Hata kushika bunduki ilibidi ajifunze upya.

Alikuwa na miaka 30 hapo, karibu ajaze 31. Aliishi na mkono huo miaka 29 iliyobaki ya maisha yake. Hakuna siku moja katika hiyo 29 ambayo aliamka mkono umepona.

Na kwa kweli watu hawakuliona hilo. Waliona mtu aliyevuka bara kutoka Luanda hadi Quelimane, akafika mwaka 1856, akarudi Uingereza akapokelewa kama shujaa, akaandika kitabu kilichouzwa sana. Mkono ulikuwa ndani ya koti.

Hapa niseme jambo moja ambalo vitabu vya sifa hulificha. Livingstone hakuwa mtu rahisi. Aligombana na Wazungu wenzake katika safari ya Zambezi kati ya 1858 na 1864, alikuwa mkali na mnyamavu, hakuvumilia mtu anayelalamika ugonjwa. Mke wake Mary alimfuata huko akafa kwa homa Shupanga, Aprili 1862. Watoto wake walikua karibu bila baba. Mwanawe Robert alikwenda kupigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani akafa huko mwaka 1864. Mimi naona mtu anayeishi na maumivu kwa muda mrefu akiyameza tu bila kuyasema, wakati mwingine yanatokea upande mwingine, yanawaangukia wa nyumbani. Simtetei. Ila ukikaa na mgonjwa wa namna hiyo utaelewa.

Mwaka 1866 alianza safari yake ya mwisho, akitokea Zanzibar na kuingia bara kwa pwani ya kusini, karibu na Mikindani. Alikuwa na miaka 53. Tayari alikuwa na tatizo la bawasiri iliyotoka damu, na alipokuwa nyumbani alishauriwa afanyiwe upasuaji, akakataa. Uamuzi huo, naona mimi, ulikuwa mbaya, na aliulipia. Januari 1867 mtu aliyetoroka msafara akaondoka na sanduku la dawa. Kwinini yote ikaenda. Kuanzia siku ile alijua kila homa itakayokuja ataipokea mikono mitupu.

Na zilikuja. Januari 1869, akielekea Ziwa Tanganyika, alipata homa ya mapafu, akashindwa kutembea. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake ya safari kubebwa. Na aliyepanga abebwe, aliyemtafutia chakula na dawa za kienyeji, ni Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara Mwarabu wa njia ileile ya misafara. Jamani, tafakarini hapo kidogo. Livingstone alitumia nusu ya maisha yake akipinga biashara ya watumwa. Aliyemfikisha Ujiji mwezi Machi 1869 akiwa hai ni mtu wa ndani ya biashara hiyohiyo. Ugonjwa haukuulizi unataka kusaidiwa na nani.

Mwaka uliofuata alikwama Bambarre, nchi ya Manyema, upande ambao leo ni mashariki ya Kongo. Vidonda vilifumuka miguuni, vya kula nyama mpaka ndani, akawa hawezi kukanyaga. Siku 80 ndani ya kibanda. Dawa aliyoona inasaidia kidogo ni jiwe la kijani la shaba, analisaga na maji, anapaka kwa unyoya. Meno mengi yalikuwa yameng'oka kwa kutafuna mahindi magumu. Katika kipindi kile cha Manyema aliisoma Biblia nzima mara 4. Karatasi ilipokwisha akaandika juu ya magazeti ya zamani, wino akautengeneza kwa maji ya mimea.

Msinielewe vibaya. Sisemi alikuwa anasoma Biblia na maumivu yanaondoka. Hayakuondoka. Mtume Paulo naye alikuwa na mwiba katika mwili, aliomba mara 3 uondolewe, haukuondolewa. Someni Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 12. Ndani ya Kanisa hatuna fundisho linalosema mwenye maumivu ana dhambi kuliko asiye nayo. Papa Yohane Paulo II aliandika barua nzima juu ya mateso ya binadamu, ilitolewa tarehe 11 Februari 1984, siku ya Mama Yetu wa Lourdes, na tarehe hiyo ndiyo baadaye akaifanya Siku ya Wagonjwa Duniani. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa ameshapigwa risasi mwaka 1981, na miaka yake ya mwisho tulimwona anatetemeka mbele ya ulimwengu mzima bila kujificha.

Turudi kwenye njia ya misafara.

Mwisho wa 1871 Livingstone alirudi Ujiji akiwa amechoka kabisa. Julai ile alikuwa ameshuhudia watu wakiuawa sokoni Nyangwe, wanawake wengi wakizama mtoni wakikimbia risasi, na jambo hilo lilimvunja moyo. Akafika Ujiji akakuta mali aliyotumiwa imeuzwa. Hapo ndipo Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York, akatokea na msafara kutoka pwani. Stanley naye alikuwa amekwama Tabora miezi kadhaa kwa sababu ya vita vya Waarabu na Mtemi Mirambo, kwa hiyo njia ilifungwa akalazimika kuzunguka kusini. Wakaa pamoja, wakazunguka kaskazini mwa ziwa, kisha wakaondoka pamoja kuelekea Unyanyembe, ndiyo Tabora yetu. Walifika tarehe 18 Februari 1872, wakakaa katika tembe pale Kwihara. Jengo lipo mpaka leo, ni makumbusho.

Tabora ya wakati ule ilikuwa kama stendi kuu ya nchi nzima. Njia ya kwenda Ujiji, njia ya kwenda Karagwe na Buganda, njia ya kwenda pwani, zote zilikutana pale. Kutoka Bagamoyo ni kama miezi 3 kwa miguu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani au kichwani, kwenda na kurudi, mwaka baada ya mwaka. Nikiandika habari za maumivu ya viungo siwezi kuwapita hawa. Mabega yao yaliota sugu nene kama ngozi ya pili. Magoti yao, migongo yao, nani aliyaandikia daftari? Livingstone tuna kumbukumbu zake kwa sababu alijua kuandika na kulikuwa na watu wa kusoma. Wazee wa Unyamwezi waliozeeka wakiwa wamepinda mgongo hawakuacha daftari.

Basi, pale Kwihara Stanley alimsihi mzee arudi naye nyumbani. Hoja zake zilikuwa za maana: akapumzike, apate meno ya bandia, apate nguvu, halafu ndiyo arudi kumaliza kazi. Livingstone alikataa. Alitaka kumalizia kutafuta chanzo cha mto Nile, ambacho yeye alidhani kiko kusini. Alikosea, tunajua leo. Chanzo alichokitafuta hakikuwa kule. Tarehe 14 Machi 1872 alimsindikiza Stanley kipande cha njia, wakaagana, akarudi peke yake kwenye tembe. Siku 5 baadaye, siku ya Mtakatifu Yosefu, alitimiza miaka 59.

Halafu akaanza kusubiri. Stanley aliahidi kumtumia wapagazi wapya kutoka pwani. Aprili, Mei, Juni, Julai. Miezi 5 mzee anakaa anatazama njia.

Ukiniuliza mimi, hiki ndicho kipindi cha kusomwa na mtu mwenye ugonjwa wa kudumu, kuliko habari za simba. Simba ilikuwa dakika chache. Kusubiri ndiyo maisha yenyewe ya mgonjwa wa namna hii: kusubiri kliniki, kusubiri dawa ifanye kazi, kusubiri asubuhi ifike, kusubiri siku ambayo mwili utakubali. Na Livingstone alifanya nini katika kusubiri? Mambo madogo. Alishona hema la safari. Alitengeneza jibini za kubeba njiani, zikawa chachu kidogo kwa sababu maziwa yanaharibika haraka kwenye joto. Alisoma vitabu alivyoachiwa. Alipiga hesabu za vipimo vyake vya nyota. Aliandika barua. Mojawapo, ya tarehe 1 Mei 1872, ilikwenda kwenye gazeti la Stanley kulaani biashara ya watumwa, na sehemu ya barua hiyo ndiyo imechongwa kwenye jiwe la kaburi lake. Yaani maneno yaliyoko London leo yaliandikwa Tabora na mtu anayesubiri wapagazi.

Siku nyingine alifanya kidogo, siku nyingine hakufanya kitu. Hakuwa anashindana na watu wazima wa afya. Mwenye baridi yabisi atanielewa: ukijisikia nafuu leo ukafua nguo zote za nyumba nzima, kesho na keshokutwa unalala. Kazi ndogo kila siku, na siku mbaya unaiacha ipite bila kujilaumu.

Na hakuwa peke yake, hilo tuliweke wazi. Alikuwapo Susi, mtu wa Shupanga. Alikuwapo Chuma, Myao, ambaye mwaka 1861 akiwa kijana mdogo alitolewa kwenye minyororo ya wafanyabiashara wa watumwa na Livingstone akiwa na Askofu Mackenzie wa Kianglikana. Alikuwapo Halima, mke wa Amoda, mpishi. Kwa mtu asiye na meno, tumbo linalohara damu, mpishi ni nusu ya dawa. Siku moja Halima alikasirika kwa ugomvi wa nyumbani akaondoka. Mzee akahangaika mpaka amrudishe, na alikuwa na nia ya kumnunulia nyumba na bustani Zanzibar. Naona hapo mtu aliyejua vizuri anaishi kwa mikono ya nani.

Katikati ya Agosti wapagazi walifika, zaidi ya 50, na kati yao vijana waliosoma shule ya misheni ya Nassick huko India, mmoja wao Jacob Wainwright. Tarehe 25 Agosti 1872 msafara ukatoka Tabora kuelekea kusini.

Sitaeleza safari yote. Damu ilianza kumtoka tena, kidogo kidogo kisha nyingi. Januari 1873 walikuwa kwenye madimbwi ya Bangweulu, mvua haikatiki, maji yanafika kifuani, na wenzake wakapokezana kumbeba mabegani. Fikiria kumbeba mtu mzima majini huku una mzigo wako. Aprili alijaribu kupanda punda akaanguka. Wakamtengenezea kitanda cha miti, wakambeba hivyo, na kila walipomshusha alihitaji kupumzika kwa maumivu ya mgongo na tumbo. Walifika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Usiku wa mwisho aliomba sanduku la dawa, akachagua dawa kwa shida kwa sababu macho hayaoni vizuri. Kijana Majwara alilala karibu kumwangalia. Kabla ya mapambazuko walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, uso ndani ya mikono, ameshafariki. Inahesabiwa kuwa tarehe 1 Mei 1873, mwaka mmoja kamili tangu ile barua ya Tabora.

Walipoufungua mwili ili kuukausha, Farijala ndiye aliyeifanya kazi hiyo, kwa kuwa aliwahi kumtumikia daktari Zanzibar. Wakakuta tumboni donge la damu kubwa kama ngumi. Ndilo alilokuwa anatembea nalo. Moyo wakauzika chini ya mti pale Chitambo, Jacob Wainwright akasoma sala. Mwili wakaupaka chumvi, wakauanika siku 14, wakaukunja miguu, wakaufunga kwa nguo na gamba la mti, wakauning'iniza kwenye mti wa kubebea. Wakaanza kurudi. Hakuna aliyewaamuru.

Oktoba 1873 wakafika Kwihara. Pale walimkuta Luteni Cameron, aliyetumwa kutoka Uingereza kumsaidia Livingstone, naye na wenzake wote hoi kwa homa. Cameron akashauri wauzike mwili hapohapo Tabora, njia ya pwani ni ya hatari. Susi na Chuma na wenzao wakakataa. Fikiria ujasiri huo, mpagazi kumkatalia afisa wa jeshi la majini wa Uingereza mwaka 1873.

Hapo kuna habari ya kusikitisha ambayo sipendi kuiruka. Mmoja wa wenzake Cameron, daktari kijana aitwaye Dillon, aliondoka Kwihara pamoja na msafara wa mwili kurudi pwani kwa sababu ya ugonjwa. Homa na kuhara vilikuwa vimemmaliza, macho yanamsumbua, akili imechanganyikiwa. Novemba ile, siku chache tu kutoka Tabora, alijiua. Daktari. Njia moja, mwezi mmoja, msafara mmoja na ule uliombeba mtu aliyevumilia miaka 29. Msiseme huyu alikuwa na imani na yule hakuwa nayo. Maumivu na homa vinaweza kuvunja akili ya mtu yeyote, na Katekisimu inatufundisha tusikate tamaa juu ya wokovu wa watu kama hao, tena tuwaombee. Na kama wewe unayesoma hapa usiku huu una mawazo ya namna hiyo kwa sababu ya ugonjwa wako, mwamshe mtu. Mama, rafiki, padre, mhudumu wa afya, yeyote. Usiku huuhuu, usingoje kuche. Na dawa ulizopewa hospitali usiziache eti kwa kuwa umeombewa. Mpako wa Wagonjwa na vidonge havigombani.

Siku zilezile, mahali paitwapo Kasekera, wanakijiji walikataa maiti ipite kwao. Wale wenzetu wakabuni hila. Wakatangaza wanaurudisha mwili Unyanyembe ukazikwe. Wakafunga mabua ya mtama kwa nguo yakafanana na maiti, watu wachache wakaondoka nayo usiku kwa heshima zote, wakafika porini wakayatupa. Mwili wenyewe ukafungwa upya kama robota la nguo, mzigo wa kawaida wa msafara, ukaendelea na safari. Nacheka kila nikiisoma, halafu nanyamaza.

Februari 1874 wakafika Bagamoyo, baada ya miezi 9 na zaidi ya kilomita 1,600. Na hapa ndipo sisi tunapoingia. Mwili ulipelekwa kwenye misheni ya Kikatoliki ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyokuwapo tangu 1868, misheni iliyolea watoto waliokombolewa utumwani. Daktari Mprotestanti akalala usiku mmoja katika kanisa la Kikatoliki, na mnara wake mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Kesho yake ukavushwa Zanzibar kwa meli. Miaka 4 baadaye, 1878, Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, walitoka Bagamoyo hiyohiyo wakaifuata njia ileile kwenda Tabora, na mmoja wao alikufa kwa homa njiani. Imani ya wengi wetu wa magharibi ilipita kwenye njia hii.

London, swali likawa: tutajuaje huu ni mwili wake? Umekauka, uso hautambuliki. Daktari wa upasuaji Sir William Fergusson akaushika mkono wa kushoto. Mfupa wa juu ulikuwa bado haujaunga, pale palepale simba alipouma miaka 30 nyuma. Akatambulika kwa kile kilichomuuma. Tarehe 18 Aprili 1874 akazikwa Westminster Abbey, Jacob Wainwright akiwa kati ya waliobeba jeneza.

Susi na Chuma hawakuwapo mazishini. Walifika Uingereza baadaye, nauli ikiwa imelipwa na rafiki wa marehemu, wakakaa na mchungaji Horace Waller aliyekuwa anatayarisha daftari za mwisho zichapishwe. Daftari zile, kadiri Aprili 1873 inavyokwenda, zinapungua. Kwanza mistari michache, kisha maneno mawili matatu, kisha siku kadhaa ni tarehe tupu, maana mkono haukuweza tena. Waller alikuwa anauliza, na hao wawili wanamweleza siku moja baada ya nyingine: leo tulimbeba hapa, leo alishindwa kuongea, leo tulisimama akapumzika. Kurasa zile ambazo mgonjwa aliziacha wazi zilijazwa na watu waliokuwa wamemshika.